Kujua na Kubahatisha

Kati ya kujua na kubahatisha pana mpaka mwembamba ambao jicho haliuoni. Watu wawili huweza kutenda tendo moja, kwa mikono ya namna moja, na kufikia mwisho mmoja, na bado mmoja wao akawa amejua na mwingine akawa amebahatisha. Tendo halisemi tofauti yao, matokeo hayaisemi, na pengine hata mtendaji mwenyewe haijui. Walakini tofauti ipo, nayo ina uzito katika maadili kama ilivyo na uzito katika elimu. Mtu aliyeondoa kasoro pasipo kujua sababu yake, je, ameitengeneza? Na kama hakuitengeneza, ni kwa haki gani apokee ujira wa mtengenezaji?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya tabibu, juu ya mwalimu, au juu ya kadhi. Lakini huko limefunikwa na heshima za vyeo na huruma za watu, hata umbo lake halionekani vema. Yafaa liulizwe kwanza mahali pa chini, penye grisi na kutu, ambapo kitu kinachohukumiwa hakina ulimi wa kujitetea wala wa kumsifu anayekihukumu. Basi na liulizwe juu ya gari la zamani lililokaa miaka mingi bila kuendeshwa, ambalo mwenyewe ataka liwake tena, nalo haliwaki.

Gari hilo na liwe Volkswagen ya umbo la kobe, ya miaka ya 1950 au ya mwanzo wa miaka ya 1960. Gari la namna hii si geni katika Afrika ya Mashariki. Lilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1954, 1957 na 1962, katika barabara za vumbi na tope za Kenya, Uganda na Tanganyika. Na ndugu zake waliendelea kuundwa duniani hata mwaka 2003, kiwanda cha Puebla nchini Meksiko kilipotoa la mwisho. Umeme wake ni mwepesi kueleweka. Betri ya volti 6 imekaa chini ya kiti cha nyuma. Injini inapozunguka, dainamo huirudishia betri nguvu iliyotumika. Fyuzi ni chache, na waya zahesabika. Gari hili halina siri kubwa. Anayelishindwa hashindwi na uchawi wa chombo. Ashindwa na njia yake mwenyewe ya kufikiri.

Watu wengi hudhani kuwa chombo kisichotumika hakiharibiki. Mwendo ndio unaochakaza, husema, na kupumzika ndiko kunakohifadhi. Dhana hii ina ukweli kiasi katika kuchakaa kwa tairi na breki kwa mwendo, lakini katika umeme ni kinyume. Betri ya risasi na tindikali iliyoachwa peke yake huvuja nguvu zake kidogo kidogo. Na ikikaa tupu, fuwele za chumvi ya risasi hugandamana juu ya mabamba yake, zikawa ngumu hata betri isiweze tena kushiba. Vidomo vya distributa, vinavyofunguka na kufungana mara maelfu kwa dakika gari linapokwenda, hujisafisha kwa kazi yao. Vikilala, hufanya utando mwembamba usiopitisha umeme. Ncha za fyuzi huota kutu ya kijani. Hewa ya pwani yenye chumvi hupenya katika kila kiungo. Panya hutafuna magamba ya waya, na gamba ambalo panya hakulitafuna hukauka na kupasuka kwa joto na uzee. Basi gari lililolala si gari lililohifadhiwa. Ni gari lililoharibika kimya kimya, katika mahali pengi kwa wakati mmoja, bila shahidi.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Gari lililoharibika barabarani hutoa ushahidi: lilikuwa likienda, likatoa sauti fulani, likasimama. Gari lililolala halina hadithi ya namna hiyo. Mwenyewe akizungusha ufunguo, stata hukoroma mara moja na kunyamaza, na taa hufifia kama mshumaa unaopigwa na upepo. Hilo ndilo neno pekee linalosemwa, nalo laweza kuwa na maana kumi. Hapo ndipo tabia ya fundi inapojulikana.

Fundi wa kwanza asikia mkoromo, na mara moja asema, Betri. Wala hakukosea kabisa, maana betri iliyolala miaka mingi aghalabu imekufa. Betri mpya yanunuliwa, yafungwa, na injini yawaka. Watu wa nyumbani watoka nje kutazama, na fundi asifiwa kwa jicho lake kali. Baada ya wiki mbili gari halitaki tena. Sasa asema, Stata. Stata yabadilishwa, na gari lawaka siku kumi. Kisha ni swichi. Kisha ni koili. Kila hukumu yafuatwa na siku chache za afya, na kila afya yathibitisha, machoni pa fundi na pa mwenye gari, kwamba hukumu ilikuwa ya haki. Mwishowe mwenye gari amenunua nusu ya umeme wa gari lake, na ugonjwa uko pale pale.

Zile siku za afya zilitoka wapi? Betri mpya ilikuwa na nguvu za ujana, ikashinda kikwazo kwa muda bila kukiondoa. Stata ilipofunguliwa, gia boksi ilitikiswa, na kiungo fulani chenye kutu kikasogea kwa upana wa unywele, kikashika. Ncha za waya zilikwanguliwa ili zikae vizuri katika chombo kipya, na huenda huko kukwangua, ambako fundi hakukuhesabu kuwa ni kazi, ndiko kulikokuwa tiba. Alitenda mambo mawili kwa pamoja, akalipa sifa lile alilolikusudia. Hivi ndivyo bahati inavyomdanganya mtu: haimpi uongo mtupu ambao angeutambua, humpa ukweli nusu, ukiwa umevaa nguo za kitu kingine.

Fundi wa pili aanza kwa kuuliza. Gari lililala mwaka gani? Lilipolazwa lilikuwa zima, au lililazwa kwa sababu ya ugonjwa? Ni nani aliyeligusa tangu siku hiyo, na aligusa nini? Kuuliza si ujinga, na hapa kuuliza ni nusu ya kazi. Maana waya alioufunga mtu mwingine gizani kwa haraka ni sababu ambayo hakuna kitabu kitakachoitaja. Kisha, kabla ya kutia mkono, afungua waya wa ardhi kutoka betri, ili spana ikiteleza isizue cheche. Atazama kila waya, akinusa na kupapasa. Lakini hakubali kuwa ameona kwa kuwa ametazama. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika jinsi jicho linavyoitazama nyota na kuiona ndogo kama dinari, hali hesabu za falaki zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Kiungo cha waya nacho ni hivyo. Juu chang'aa, bolti imekazwa, na ndani yake mna utando wa kutu ambao jicho halitaufikia kamwe.

Basi fundi huyu apima, na jinsi anavyopima yastahili kuelezwa, maana ndani yake mna fundisho. Mwaka 1827 Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani, alichapa kitabu kilichoeleza uhusiano wa msukumo wa umeme, mkondo wake, na ukinzani wa njia unayopita: msukumo unaopotea mahali popote ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani wa mahali hapo. Kiungo chenye kutu na kiwe na ukinzani mdogo sana, sehemu moja ya mia ya omu. Taa ndogo inayovuta ampea 1 ikipitisha umeme wake hapo, hupotea sehemu moja tu ya mia ya volti. Taa yawaka vizuri, na kiungo chaonekana kuwa kizima. Lakini stata haivuti ampea 1. Ikivuta ampea 150, kiungo kile kile hula volti 1.5, na katika gari la volti 6, hiyo ni robo ya nguvu zote. Kiungo hakikubadilika. Kilichobadilika ni mzigo.

Wahenga walikwisha kulisema jambo hili kabla ya Ohm, juu ya watu: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kiungo hakijulikani kwa kuulizwa maswali mepesi. Atakayekipima gari likiwa limelala atapata jibu la uongo, na jibu hilo halitatoka katika kosa la chombo cha kupimia. Litatoka katika swali lililoulizwa wakati usio wake. Kwa hiyo fundi wa pili aweka ncha moja ya mita yake juu ya chuma cha injini, na ncha ya pili juu ya kichwa hasi cha betri, kisha amwambia mwenzake azungushe ufunguo. Kama njia ni nzima, mshale hautatingishika ila kidogo mno. Hapa waruka na kuonyesha volti moja na nusu. Betri ina nguvu. Stata ina uwezo. Lakini baina yao, katika njia ya kurudi, yuko mwizi.

Njia ya kurudi ndiyo husahauliwa. Kila mtu huufuata umeme unapokwenda, kutoka betri hadi swichi na kutoka swichi hadi stata, kwa kuwa waya za kwenda zina rangi na zaonekana. Lakini umeme ni safari ya kwenda na kurudi, na usiporudi hauendi. Katika gari hili hurudi kwa kupita katika bodi lenyewe. Na kwa kuwa injini na gia boksi zimekalia mipira ili zisitikise abiria, mpira hauupitishi, na pamefungwa utepe mmoja wa waya za kusuka baina ya gia boksi na bodi ili kuunganisha pande mbili hizo. Utepe huo uko chini, penye matope, mahali ambapo hakuna mgeni anayetazama. Fundi agawa njia vipande viwili, apima kila kipande, na mwizi yumo katika kipande cha utepe. Aufungua, aukwangua hata shaba na chuma ving'ae, aukaza, kisha apima tena kwa mzigo ule ule. Mshale umetulia. Gharama yake ni kipande cha msasa na jasho la saa moja.

Mafundi hawa wawili sasa wamesimama mbele ya swali. Na iongezwe sharti moja ili swali liwe gumu zaidi: na isemwe kwamba fundi wa kwanza, katika kubahatisha kwake, siku moja alichoka, akasema, Labda ni utepe, akaubadilisha, na gari likapona kabisa. Sasa matokeo yao ni sawa sawa. Je, kuna tofauti gani iliyosalia?

Plato alilikabili swali hili katika majadiliano yaitwayo Meno. Sokrates asema humo kwamba mtu mwenye dhana sahihi juu ya njia ya kwenda Larissa, ijapokuwa hajapata kuipita, atawaongoza wenzake wafike sawa na yule anayeijua. Meno astaajabu: ikiwa ni hivyo, kwa nini ujuzi wathaminiwa kuliko dhana sahihi? Jibu latolewa kwa mfano wa sanamu za Daedalus, ambazo ilisemwa kuwa hutoroka zisipofungwa. Dhana sahihi nazo ni mali njema maadamu zimekaa. Lakini hazikai, mpaka mtu azifunge kwa kuieleza sababu yake.

Kamba hiyo ya sababu yaonekana wazi katika banda la gari. Fundi wa pili aweza kuurudisha utepe ule mchafu, na ugonjwa ukarudi. Akaufunga ule msafi, na ugonjwa ukaondoka. Ameishika sababu kwa ncha zake mbili. Akiitwa kesho kwa gari jingine lenye mkoromo ule ule, hatasema, Utepe, kwa kuwa jana ilikuwa utepe. Atapima, na huenda akakuta betri. Fundi wa kwanza, aliyepata kwa bahati, amejifunza neno moja tu, nalo atalibeba kama hirizi kutoka gari hadi gari. Dhana yake ilikuwa sahihi jana, na kesho itamtoroka. Kwa hiyo, kwa upande wa elimu, tofauti yao haiko katika gari lililopona. Iko katika gari lijalo.

Hapa pana wapinzani, nao wastahili kusikilizwa kwa heshima. Wa kwanza asema kwamba mwenye gari hakuja kununua falsafa. Alikuja kununua safari. Gari likienda, haja yake imetimizwa, na sababu ni anasa ya wenye nafasi. Wa pili asema kwamba fundi mzee aliyeona magari mia tano habahatishi hata asipopima; mkono wake una elimu ambayo haijui kusema. Wa tatu asema kwamba fundi maskini hana mita, na kumdai vipimo ni kumlaumu kwa umaskini wake.

Wa kwanza ajibiwa hivi. Ni kweli kwamba mwenye gari ataka safari. Lakini safari si kitu kinachokwisha pale gari linapowaka uani. Yeye ataka kujua kama aweza kumpeleka mama yake hospitali usiku, na kama aweza kuvuka pori bila kuogopa kulala humo. Anachonunua hasa ni tumaini lenye msingi. Fundi aliyeliwasha gari bila kujua sababu hawezi kumpa tumaini hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe hana. Akilitoa kwa ulimi, atoa kitu kisicho chake.

Wa pili ana hoja yenye nguvu zaidi. Uzoefu ni mali kubwa, na fundi mzee aongozwa nao kwenda mahali pa ugonjwa kwa upesi ambao kijana mwenye mita hataufikia. Lakini uzoefu humwonyesha mtu mahali pa kuanzia. Haumpi ruhusa ya kumalizia. Fundi mzee aliye mwema husikia mkoromo na kusema, Nadhani ni njia ya kurudi. Kisha huithibitisha dhana yake kabla hajamtuma mwenye gari dukani. Na uzoefu usiothibitishwa huota kiburi. Magari ya Kiingereza ya miaka ya 1950, kwa mfano, mengi yalifungwa betri kwa desturi tofauti: kichwa chanya ndicho kilichounganishwa na bodi, si kichwa hasi. Fundi aliyeona Volkswagen mia tano na hakuwahi kupima ataifunga betri ya Morris kinyume kwa moyo mkunjufu, na mia tano zake ndizo zitakazomponza.

Wa tatu ajibiwa kwa urahisi. Yuko fundi asiye na mita, lakini hayuko asiye na kipande cha waya mnene. Akiunganisha waya huo kutoka chuma cha gia boksi hadi kichwa hasi cha betri, akaomba ufunguo uzungushwe, na stata iliyokuwa ikikoroma sasa ikazunguka kwa nguvu, amekwisha kuthibitisha kwamba njia ya kurudi ndiyo yenye kosa, bila mita na bila kununua kitu. Upungufu wa vyombo wapunguza wepesi wa kujua. Hauondoi wajibu wa kutaka kujua.

Hata hivyo, majibu haya yote hayafiki kwenye kiini cha jambo. Maana wako watu waaminifu ambao hubahatisha, na wakati mwingine hapana njia nyingine. Kuna kasoro ambayo huja na kuondoka. Gari lakataa asubuhi kwa mwenyewe, na jioni mbele ya fundi lawaka kama changa. Waya umevunjika ndani ya gamba lake, na ncha zake zagusana ama zaachana kwa joto, kwa baridi, au kwa mtikisiko. Fundi aguse tu fungu la waya, na kasoro imejificha. Hapo hata mwenye mita hana cha kupima, kwa kuwa ugonjwa haupo. Je, akibadilisha fungu lile kwa kudhani, amefanya dhambi?

La. Kosa haliko katika kubahatisha. Kosa ni kuuza bahati kwa jina la ujuzi. Fundi akisema, Sijaliona kosa. Nadhani limo katika waya hizi, na nikizibadilisha huenda likaondoka na huenda lisiondoke. Gharama ni hii, nawe uamue. Mtu huyo amebahatisha pamoja na mwenye gari, si dhidi yake. Fedha itakayopotea imepotea kwa hiari ya mwenye fedha. Lakini fundi akisema, Ni waya hizi, kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kama angekuwa amepima, amemnyang'anya mwenzake kitu ambacho hakimo katika hesabu ya fedha. Amemnyang'anya haki ya kujua kwamba yumo katika mchezo wa bahati. Na hata kasoro ikiondoka kweli, wizi huo haufutwi. Aliyekwambia jambo asilolijua, likatokea kuwa kweli, hakukwambia kweli; kweli ilitokea mbele yake tu.

Hili si jambo la fedha peke yake. Ndani ya gari kuna fyuzi, kipande kidogo chenye utepe mwembamba wa madini, ambacho kazi yake ni kuungua. Fyuzi ikiungua, watu husema imeharibika. Lakini imetimiza wajibu wake, nayo ni shahidi aliyekufa akisema kwamba mahali fulani mkondo umezidi. Fundi anayetafuta sababu humsikiliza shahidi huyo, akafuata waya wake mpaka aone gamba lililotafunwa na shaba iliyogusa bodi. Fundi anayetafuta matokeo huizungushia fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na taa zikawaka. Gari limepona! Lakini shahidi amezibwa kinywa, na kosa limebaki pamoja na moto wake. Sasa waya ndio utakaoungua badala ya fyuzi, chini ya kiti au nyuma ya dashibodi, usiku mmoja ambao fundi hatakuwapo. Anayelipa siku hiyo si fundi, wala pengine si mwenye gari. Ni mtoto aliyelala kiti cha nyuma. Ujinga uliofichwa haukai mahali ulipofichwa. Hutembea mpaka umpate asiyehusika.

Kuna hasara nyingine ya kuhukumu bila kujua, iliyo kimya zaidi, nayo ni kutupwa kwa kilicho hai. Dainamo ya gari la zamani haina sumaku ya kudumu; huanza kazi yake kwa usumaku mdogo uliosalia katika vyuma vyake tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi. Gari likilala miaka mingi, salio hilo laweza kufifia. Injini yazungushwa, dainamo yazunguka, na haitoi kitu. Fundi mwenye haraka asema imekufa, na yatupwa jaani. Haikufa, imesahau. Wanaojua huipatia umeme kidogo wa betri kwa kitambo kifupi, kwa upande unaostahili, na vyuma hukumbuka kazi yao. Dainamo ile ile iliyohukumiwa kifo yaanza kuijaza betri iliyoiamsha. Ni vyombo vingapi vilivyotupwa kwa kuwa vilinyamaza vilipoulizwa? Na kama vyombo vimedhulumiwa hivyo, si ajabu kwamba watu nao hudhulumiwa: mwanafunzi aliyerudi shule baada ya miaka mingi, aliyenyamaza mbele ya swali la kwanza, akaandikwa kuwa hana akili.

Sasa swali laweza kurudishwa kwa wakubwa ambao insha iliwaacha mlangoni. Tabibu hutoa dawa tatu kwa pamoja, mgonjwa akapona, na tabibu hajui ni ipi iliyomponya. Si lazima awe amekosa, maana homa haingoji. Mwalimu hubadilisha darasa zima kwa sababu ya wanafunzi wawili. Kadhi husikia mlio wa mlalamikaji na kudhani kwamba anayelia mahali fulani ameumizwa mahali hapo. Wote hao wako katika hali ya fundi: yawapasa watende kabla ujuzi haujatimia, na watu huwalipa, kwa fedha au kwa heshima, wakiamini kwamba wanajua. Haiwezekani kuwataka wajue kila kitu. Yawezekana kuwataka wasiseme wanajua pale wanapodhani.

Neno sijui ni fupi, lakini bei yake ni kubwa katika soko la ufundi, kwa kuwa anayelitamka aogopa kwamba mteja atamkimbilia yule asiyelitamka kamwe. Hofu hiyo si ya bure. Mara nyingi ndivyo inavyotokea. Kwa hiyo lawama haiwezi kubebwa na fundi peke yake. Mwenye gari anayetaka jibu kabla ya uchunguzi, anayelipia betri mpya kwa furaha na kunung'unikia saa moja ya kupima, amejitengenezea fundi wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Jamii hupata mafundi, matabibu na makadhi wa namna inayowalipa. Ikilipa uhakika wa sauti, itauziwa sauti. Ikilipa uchunguzi, itachunguziwa.

Kwa hiyo aliyeondoa kasoro bila kujua sababu yake hakuitengeneza, ila ameishi na bahati yake. Na ujira wake ni halali kwa sharti moja, kwamba kabla ya kuupokea amwambie mwenye mali ni kipi katika kazi yake alichokijua na ni kipi alichokidhani. Sharti hili ni jepesi kwa ulimi na zito kwa moyo. Lakini mtu akilitimiza, hata kubahatisha kwake kunakuwa mlango wa elimu, maana dhana iliyotajwa kuwa ni dhana bado yaweza kupimwa, na dhana iliyopewa jina la ujuzi haipimwi tena na mtu yeyote.